Kamati ya Kupokea Bwawa

Nimestaafu. Najua mtu hastaafu akiwa na miaka kumi na nane, na mama ameshanicheka vya kutosha, lakini kazi imeisha, kizibao cha kung'aa nimekirudisha, na wiki hii napanda basi kwenda kuanza kidato cha tano, nimechelewa kwa ruhusa ya shule. Kama hiyo siyo kustaafu basi sijui mnataka mpaka mtu aote mvi.

Naandika kwa ajili yako wewe utakayerithi kipaza sauti. Nimesikia watu wa mradi wana bwawa jingine la zamani upande wa Mbulu wanalolipigia mahesabu, na kwa vyovyote watatafuta tena mtoto wa hapo hapo, aliyemaliza kidato cha nne, anayejua Kiiraqw, na mwenye aibu kiasi kwamba hawezi kukataa. Mimi nilikuwa na sifa zote. Cheo watakachokupa kitaitwa Mhamasishaji Jamii Msaidizi. Usikimbilie kumtangazia shangazi. Maana yake ni mtu anayetumwa kuwaambia wananchi mambo ambayo wakubwa wameogopa kwenda kuyasema wenyewe. Mshahara siuzungumzii, haukuwa na la kuzungumza. Kupanda cheo pia sina habari nako, nilianza msaidizi nikamaliza msaidizi, na huyo mhamasishaji niliyekuwa namsaidia sikuwahi kumwona.

Bwawa lenyewe lilikuwa juu ya mtaa wetu hapa Katesh, upande wa mlimani. Ukuta wa mawe, umejengwa enzi za wakoloni, na wazee hawakubaliani ulijengwa wa nini. Mmoja anasema kulikuwa na kinu cha ngano, mwingine anasema kulikuwa na bwana mmoja mzungu aliyependa kuogelea. Maji ya mlimani yaliishia hapo. Chini ya ukuta kulikuwa na korongo kavu ambalo watu walitupa takataka, na sisi watoto tuliambiwa kwamba zamani ule ulikuwa mto. Tulilichukulia jambo hilo kama habari nyingine za zamani, kwamba watu walikuwa wanaheshimiana na mahindi yalikuwa matamu.

Halafu mlima ukashusha tope. Hilo siliandiki. Waliokuwepo wanajua, na ambao hawakuwepo wasiwaulize watu waliozika. Nasema tu kwamba upande wetu ukuta wa bwawa ulilidaka. Bwawa likajaa tope karibu mpaka juu, ukuta ukapasuka, lakini haukuanguka, na nyumba zilizokuwa chini yake zikapona. Baadaye wakaja watu wa magari meupe, wakapima, wakasema ukuta uliopasuka na kubeba tope lote lile ni hatari kuliko mlima wenyewe. Mwaka ambao mvua itazidi, utashuka wote, mawe na tope pamoja. Ikaamuliwa bwawa liondolewe na mto urudi kwenye njia yake.

Mpaka hapo kila mtu alikuwa na akili. Kilichotuponza ni Kiswahili.

Gari la matangazo lilipita mtaani kabla mimi sijaajiriwa. Lilisema: "Wananchi mnatangaziwa kwamba bwawa la zamani litatolewa mara baada ya masika. Wote wanaohusika wajiandae."

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu wa mtaa wetu. Tangu tope lishuke, gari lile lile, kwa sauti ya kijana yule yule aliyebanwa na mafua mwaka mzima, lilikuwa linapita na kusema unga utatolewa. Magodoro yatatolewa shuleni. Mablanketi yatatolewa kwa wenye watoto wadogo. Chanjo itatolewa, mbegu za ruzuku zitatolewa. Hakuna hata siku moja ambayo kitu kilitolewa halafu tukabaki bila kuwa nacho. Kwa hiyo gari liliposema bwawa litatolewa, watu walifanya kile ambacho watu wenye uzoefu wa misaada hufanya. Waliunda kamati ya kupokea.

Usicheke. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe alikuwepo kikaoni. Walichagua katibu, walichagua mtunza funguo ingawa hapakuwa na mlango, na mwenyekiti wa kamati wakamchagua Bibi Magdalena, dada yake bibi yangu mzaa mama, kwa sababu nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya ukuta, na kwa sababu ndiye aliyekuwa akipanda kuzungusha koki ya bwawa kila masika maji yakizidi. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anaipaka ile koki mafuta ya kupikia, jambo ambalo fundi yeyote akisikia analia, lakini ilizunguka. Wakakubaliana kwamba bwawa likishatolewa, yaani likishakuwa letu, watalisafisha wenyewe na kufuga samaki. Wakachanga kreti za soda kwa ajili ya siku ya makabidhiano.

Hapo ndipo mimi nikaajiriwa. Kazi yangu ya kwanza katika maisha ilikuwa kuwaambia watu wazima kwamba wameunda kamati ya neno.

Siku ya kwanza nilifika saiti asubuhi na baridi ya Juni, ule upepo wa mlimani unaoingia hadi kwenye meno. Ofisi ilikuwa kontena. Ndani alikaa Injinia, kijana wa Dar es Salaam, amevaa jaketi mbili. Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Poa," akasema.

Nilikaa na ile poa siku nzima. Nilijiuliza labda nimeamkia vibaya. Nyumbani nilipomwambia mama, aliweka mwiko chini. "Poa? Kwa shikamoo? Huyo mtoto amelelewa na nani?"

Injinia alinipa helmeti ambayo ilinifunika macho. Nilikuwa wa kwanza katika historia ya ujenzi kufurahia helmeti kubwa, kwa sababu nikiwa ndani yake nilikuwa sionekani. Akanipa kizibao na kipaza sauti cha mkononi. Halafu akanipa semina ya uhamasishaji, ambayo ilikuwa yeye kunisomea karatasi zilizobandikwa ukutani kwa kasi ya mtu anayehesabu mbuzi wasiokuwa wake. Zilisema jamii ni mdau. Zilisema mdau ashirikishwe. Nilipouliza, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi niirudie mara mbili ndipo aisikie, kwamba mdau akikataa inakuwaje, alisema tutafika huko.

Kuhusu kipaza sauti, zingatia hili, litakusaidia kuliko semina. Kina vitufe viwili vinavyofanana. Kimoja ni cha kuongea na kingine ni king'ora. Mimi nilikigundua cha pili mbele ya kanisa wakati kwaya inafanya mazoezi. Walitoka nje wote mpaka mpiga kinanda, na walitazama mlimani kwanza kabla ya kunitazama mimi. Niliona nyuso zao na nikatamani kuingia ardhini. Tangu siku hiyo nilitia plasta juu ya kitufe cha king'ora. Plasta hiyo naiachia mradi kama urithi.

Mwalimu wangu wa kweli hakuwa na semina. Alikuwa Hamisi, opereta wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Ni mzaliwa wa hapa Katesh, baba yake ana duka la vitenge sokoni, na alikuwa ndiye mtu pekee pale saiti aliyejua nani ni shangazi ya nani. Mdomo wake ni mchafu kuliko buti zake. Aliniona mara ya kwanza nimesimama kwenye jiwe natangaza huku kipaza sauti kimezimwa, makusudi, nikiomba Mungu watu wasinisikie.

"Wewe, Redio Mbao!" akaniita kutoka juu ya kijiko. "Unamtangazia nani, siafu?"

"Kimeharibika," nikadanganya.

"Kimeharibika au umekiharibu kwa woga? Njoo hapa." Akashuka. "Sikia Fausta. Usiongee na watu. Watu hawapo, hicho ni kitu cha kwenye karatasi za Injinia. Chagua mmoja."

"Nimchague nani?"

"Aliyenuna kuliko wote. Mwambie yeye. Hao wengine watasikia kwa faida yao."

Ushauri mzuri, na nilijuta kuufuata. Aliyenuna kuliko wote alikuwa bibi yangu mwenyewe.

Mkutano ulifanyika palepale bwawani. Kamati ilikuja imevaa nguo za Jumapili. Kina mama wanaofulia pale walikuja na mabeseni, ili muda usipotee. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na kiti chake. Injinia alitaka nisome tena lile tangazo la gari, neno kwa neno, kwa sababu lilikuwa limeshaidhinishwa. Nikashika kipaza sauti, nikamtazama Bibi Magdalena, na nikasema kwa Kiiraqw. Kwenye Kiiraqw hakuna mahali pa kujificha. Kutoa kwa kumpa mtu ni neno lake, na kutoa kwa kuondoa ni neno jingine, hayajawahi hata kusalimiana. Nikasema la pili.

Mbuzi mmoja akakohoa.

"Rudia," Bibi akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo hatupewi," akasema katibu wa kamati.

"Hapana."

"Basi tumenunua soda za nini?"

Wanawake wa mabeseni walicheka mpaka mmoja akakaa ndani ya beseni. Mwenyekiti wa mtaa akaulizwa mbona alikaa kwenye kikao cha kuunda kamati na hakusema kitu. Akasema yeye alidhani ni mambo ya maendeleo. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, naamini hata akiugua malaria atamwambia daktari hivyo hivyo.

Injinia akaona mambo yanaharibika, akanyang'anya kipaza sauti. "Mambo vipi bibi," akasema, kwa furaha kabisa.

Bibi Magdalena alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi ianze. Haikuanza. Akageuka, akateremka kwake na fimbo yake, na kamati yote ikamfuata na viatu vyao vya Jumapili. Nilibaki nimeshika helmeti.

Jioni ile nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa anachambua maharage mlangoni, na kutoka pale alipokaa, ukiinua macho huoni mbingu, unaona ukuta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe bado ni mtoto wa Theresia, au sasa ni wa serikali?"

"Wa Theresia."

"Basi kaa chini, mtoto wa Theresia. Nikuulize. Siku ile ya tope, ni nani alilizuia lisinifike hapa? Huyo kijana wa poa?" Habari za ile poa zilikuwa zimeshafika mpaka kwake.

"Ni ukuta, bibi."

"Ni ukuta. Nilikuwa humu ndani. Nilisikia linakuja, nikasikia linagonga, nikasikia limenyamaza. Asubuhi nikatoka nikaushika kwa mkono. Na leo mnakuja kuniambia huyo aliyenisimamia ndiye adui?"

Semina haikufika huko.

Tatizo ni kwamba na Injinia naye alikuwa anasema kweli, na hakuna kitu kinachoudhi kama mtu usiyempenda kuwa anasema kweli. Nilielewa hesabu yake. Huwezi kuuvunja ukuta wa namna ile kwa siku moja, maji na tope vitashuka vyote kwa mara moja kama mlima ulivyofanya. Unashusha maji kwanza kidogo kidogo kwa mabomba, tope likianza kukauka unalichimba na kulibeba kwa tipa, halafu ndipo unaondoa mawe, safu moja moja kuanzia juu. Wakati wote huo hapaswi kulala mtu chini. Na yote yamalizike kiangazi, kabla mvua hazijarudi. Nyumba nyingine za chini zilikuwa zimeshahama. Ilibaki moja, na mwenye nyumba alikuwa ameamua kwamba ukuta ni ndugu yake.

Walimtuma mwenyekiti wa mtaa. Alirudi na maharage. Walimtuma katekista, akarudi na ujumbe kwamba hata Nuhu alipewa maelezo kwa lugha inayoeleweka. Wiki zikaisha. Kijiko kimekaa, tipa zimekaa, Hamisi analala kwenye kivuli na kofia usoni. Mwishowe Injinia akaniita kontena.

"Dogo, nenda kamwambie bibi yako. Mwisho Jumatatu. Asipotoka mwenyewe, mgambo watakuja. Atatolewa."

Nilisimama pale. Nilitaka kumwambia kwamba huyo unayemsema ana miguu ambayo haishiki vizuri, kwamba mgambo wa hapa ni vijana aliowalisha makande walipokuwa wanapita kutoka shule, kwamba kama wakimbeba atafia mikononi mwao kwa aibu tu, siyo kwa kuumia. Nilisema, "Sawa." Ndiyo aibu ilivyo. Watu wanadhani mtu mwenye aibu hana maneno. Anayo mengi mno, ila mlango ni mwembamba.

Nikateremka. Nikamwambia Bibi kama nilivyoambiwa, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiiraqw nisingeweza kulisema.

"Nitatolewa?" akasema. Akaweka ungo chini. "Mimi nitatolewa. Kwa nani?"

"Bibi..."

"Nauliza, mjukuu wangu. Bwawa linatolewa, tukaandaa soda, kumbe halitolewi kwa mtu. Sasa na mimi natolewa. Nani ameunda kamati ya kunipokea?"

Nilianza kulia. Na mimi nikianza huwa siwezi kuacha kwa ustaarabu. Bibi akaniacha nilie mpaka nikachoka, akanipa maziwa ya mgando, akanitazama nikinywa. Halafu akasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku hiyo, na nitakwenda nacho bweni.

"Kamwambie huyo kijana, hawezi kutoa kitu ambacho hajakitoa. Atoe kwanza. Ndipo atoe."

"Hataelewa, bibi."

"Wewe ni wa nini pale?"

Kwa kweli hilo lilikuwa ndilo swali la mradi mzima.

Nilipanda mlima ule mdogo nikiirudia ile sentensi kama mtoto aliyetumwa chumvi. Nikamkuta Injinia amesimama na Hamisi karibu na kijiko. Sikuwa na helmeti. Nikamchagua aliyenuna kuliko wote, ambaye safari hii alikuwa Injinia, nikasema.

"Bibi anasema huwezi kutoa ambacho hujatoa. Utoe kwanza, ndipo utoe."

"Nini?"

"Wape bwawa. Gari lilitangaza litatolewa. Wape, kama lilivyosema. Likishakuwa lao, wataliondoa. Hawatakubali liondolewe na mtu ambaye siyo lake."

"Dogo, bwawa siyo nyanya. Huwezi kumpa mtu bwawa ambalo kesho unalivunja."

"Kwani utapungukiwa nini?" Hamisi akadakia. "Maneno tu hayo. Sema chukueni, washike, kesho mimi nianze kazi. Au unataka picha za mgambo wamembeba bibi kizee ziende mtandaoni na wewe kwa nyuma na majaketi yako mawili?"

Injinia akafikiri. Nadhani ni picha zilizomgusa, siyo bibi. "Sawa," akasema. "Makabidhiano. Dakika chache. Halafu kazi."

Alidhani maneno ni kitu cha bure. Msomi mzima.

Jumamosi kamati ilirudi na nguo zake za Jumapili, na soda zao. Mwenyekiti wa mtaa na kiti chake. Lakini Bibi Magdalena alikataa kuanza. Akasema kitu cha kupokea kinakaguliwa, hata mbegu za ruzuku walizikagua wakakuta zina wadudu. Akataka apelekwe juu ya ukuta. Hamisi akamshika mkono huu, mimi mkono ule, tukampandisha.

Alitembea mpaka kwenye ufa. Kwa chini hauonekani vizuri, na tangu tope lishuke alikuwa hajapanda tena juu ya ukuta, koki ilikuwa imekwama. Akaitumbukiza fimbo yake kwenye ufa. Ikaingia. Akasukuma. Ikaingia mpaka mkono wake ukagusa jiwe, na fimbo haikuwa imegusa chochote.

Upepo ulikuwa unapiga kitenge chake. Chini yetu ilionekana nyumba yake na ungo umeanikwa juu ya paa.

"Mnanipa mgonjwa," akasema, kwa sauti ndogo.

"Mgonjwa mahututi, bibi," Hamisi akasema, na safari hii hakuwa anatania.

"Kwa sababu ya siku ile?"

"Kwa sababu ya siku ile."

Bibi akaichomoa fimbo. Akaomba kibuyu chake, akamwaga maziwa kidogo juu ya mawe, taratibu, kama anayemlisha mtu. Katekista alitazama mlimani kwa makini sana mpaka alipomaliza.

Halafu tukashuka, na Injinia akachukua kipaza sauti. Lakini kabla hajakiwasha alimgeukia Bibi, akainamisha kichwa kidogo. Sijui nani alimfundisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi. "Kumbe unajua."

Hamisi alikuwa amelifungua gurudumu la koki, lile la chuma la kuzungushia, lenye kutu na mafuta ya kupikia. Injinia akalibeba kwa mikono miwili na kumkabidhi. "Leo tunatoa bwawa hili kwa wananchi," akasema.

"Na kila kilichomo?" Bibi akauliza.

"Na kila kilichomo."

"Tumepokea. Kamati, mmesikia?" Kamati ikasikia. "Ni letu?"

"Ni lenu, bibi," Injinia akasema, na akatazama saa.

"Basi sisi wenye bwawa tunalitoa. Aondoke taratibu, kama mlivyosema, safu kwa safu. Asiangushwe. Alisimama kwa ajili yetu, na yeye ashushwe kwa heshima. Mimi leo nalala kwa Theresia." Akageuka kama anayekwenda, halafu akarudi. "Na mawe ni yetu."

Injinia akasimama. "Mawe gani?"

"Ya ukuta. Umesema kila kilichomo. Mawe ya bwawa letu yatapandishwa pale kwenye shamba langu la juu, nijenge. Na yatakayobaki wenzangu waliohama watagawana. Magari si mnayo?"

Ninapaswa kukueleza kwamba mawe yale yalikuwa yameshapangiwa kazi nyingine kwenye barabara ya saiti. Injinia alimtazama mwenyekiti wa mtaa ili amsaidie. Mwenyekiti akasema hayo ni mambo ya maendeleo. Hamisi alikwenda nyuma ya kijiko chake, na tulisikia anacheka huko mpaka akakohoa. Soda zikafunguliwa. Injinia naye alipewa moja, na kwa heshima yake nitaandika kwamba aliinywa.

Siku zilizofuata ndizo siku nzuri za kazi yangu, na ajabu ni kwamba sina mengi ya kusema juu yake. Mabomba yalivuta maji mchana kutwa. Kina mama wa mabeseni walikuja kunifokea, wakauliza sasa watafua wapi, nikawaambia mto ukirudi watafua mtoni, wakasema niache kuwaletea hadithi za bibi yangu. Tope lilibebwa mashambani, na watu waliokuwa wanaliogopa wakaanza kuligombania. Hamisi aliinua mawe moja moja, kwa kijiko kile kikubwa, kama anachukua mayai kwenye kiota, kwa sababu Bibi mwenyewe alikuwa amekaa pale juu kwenye kiti cha mwenyekiti wa mtaa, gurudumu mapajani, anatazama. Kila jiwe likitua vibaya alipiga chuma kwa fimbo, na Hamisi alisema, "Samahani, mama mwenye mali."

Mto ulirudi kimya kimya. Hakuna aliyeona mwanzo wake. Asubuhi moja korongo lilikuwa na uzi wa maji katikati ya takataka zetu, na tuliona haya, wote, hata mwenyekiti, na watu wakaanza kushuka kuokota chupa bila kuhamasishwa na mtu. Mama mmoja akachovya mguu na kusema yana baridi. Siku iliyofuata alikuja na beseni.

Siku yangu ya mwisho kazini walikuja wageni wa magari meupe. Walikuwa na kamera, na viatu ambavyo hawakutaka vilowe. Ukuta ulikuwa umekwisha. Msingi wa nyumba ya Bibi ulikuwa umeshainuka pale shambani juu, wa mawe mazuri kuliko msingi wa shule. Wakamkuta amekaa ukingoni mwa mto, na lile gurudumu la koki ameliweka juu ya mafiga, sufuria imekaa juu yake imetulia kabisa.

Mgeni mkubwa akachuchumaa mbele ya kamera. Alimwamkia vizuri, nampa haki yake. Halafu akauliza, kwa ile sauti wanayotumia kwa watoto na wazee. "Bibi, unamjua aliyetoa bwawa hili?"

Injinia akarekebisha kola.

"Nimelitoa mimi," Bibi akasema, na akafunika sufuria.

Mgeni akacheka kidogo, akatazama kamera, akatazama Injinia, mwisho akanitazama mimi na kizibao changu. "Binti, wewe ndiye mkalimani? Bibi anamaanisha nini? Hebu tutafsirie."

Kipaza sauti kilikuwa chini, kwenye majani. Sikukiokota.

"Hicho ni Kiswahili, mheshimiwa," nikasema.